Fiziotherapia au Sayansi ya Neva? Uchaguzi wa Shahada kwa Anayetaka Kuwatumikia Wagonjwa wa Ubongo

Utangulizi

Katika kliniki ya magonjwa ya ubongo na neva, swali la shahada gani isomwe huulizwa mara nyingi kuliko mtu awezavyo kudhani. Huulizwa na kijana aliyemsindikiza mzazi wake, na muuguzi anayetaka kujiendeleza, na wakati mwingine na mgonjwa mwenyewe anayemtafutia mwanawe njia. Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuzipambanua fani mbili ambazo aghalabu huchanganywa: fiziotherapia na sayansi ya neva.

Mzee mmoja, mkulima wa kahawa mwenye umri wa miaka 61, aliletwa kliniki miezi mitatu baada ya kupata kiharusi kilichompooza upande wa kulia. Alikuwa na mwanawe wa mwisho, aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Nilimwamkia mzee, nikampima, nikaandika maelezo yangu. Ndipo kijana akanieleza kwamba amepata nafasi mbili: moja ya kusomea fiziotherapia hapa nchini, nyingine ya kusomea sayansi ya neva ng'ambo. Ili kuilipia hiyo ya pili, baba zake wadogo walikuwa wameanza kuzungumzia kuuza sehemu ya kihamba, yaani shamba la ukoo.

"Daktari, nataka kusomea ubongo ili nimponye baba," alisema.

Mzee, ambaye maneno yalikuwa bado yanamtoka kwa taabu, aliinua mkono wake mzima kumzuia. "Mimi nataka kufunga vifungo vya shati," alisema. "Mwenyewe."

Mtoto alitaja kiungo kilichoumia, baba akataja kazi aliyoshindwa kuifanya. Tofauti ya fani zetu mbili imo humo, na anayeielewa atachagua kwa utulivu.

Fani mbili, maswali mawili

Fiziotherapia ni taaluma ya tiba. Swali lake ni hili: mtu huyu aliye mbele yangu ameshindwa kufanya nini, na nimsaidieje akiweze tena? Mtaalamu wake hupima nguvu za misuli, mwendo wa viungo, mizani ya mwili, upumuaji na maumivu. Kisha hupanga mazoezi, humfundisha mgonjwa na familia yake, na hupima tena. Taaluma hii ina umri mrefu kiasi: chama cha Uingereza cha wataalamu hawa kilianzishwa London mwaka 1894 na wauguzi wanne waliotaka kazi ya kukanda mwili iwe na mafunzo na maadili yanayotambulika. Nasi hatuna budi kukumbuka kwamba kukanda ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo leo. Wagonjwa wetu huwaita wataalamu hawa "watu wa mazoezi", na jina hilo liko karibu zaidi na ukweli.

Sayansi ya neva ni taaluma ya uchunguzi. Swali lake ni hili: mfumo wa neva hufanyaje kazi, na huharibikaje? Mwanasayansi wa neva aweza kutumia maisha yake yote akichunguza aina moja ya seli, au namna ubongo unavyohifadhi kumbukumbu, au protini inayojikusanya katika ugonjwa wa Parkinson. Misingi yake iliwekwa na watu kama Camillo Golgi wa Italia na Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, waliogawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kazi yao juu ya muundo wa mfumo wa neva, ijapokuwa hawakukubaliana kuhusu maana ya kile walichokiona kwa darubini.

Isidhaniwe kwamba sayansi ya neva ni anasa ya nchi tajiri. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime mkoani Mara ilikumbwa na mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu ya watoto na wanawake kwa ghafla. Ugonjwa huo, uliokuwa umeelezwa kwanza huko Kongo mwaka 1938, unahusishwa na kula muhogo mchungu usioloweshwa na kukaushwa vya kutosha, hivyo ukabaki na sumu ya sayanidi, hasa pale mlo unapokosa protini. Kwa nini sumu hiyo huumiza hasa neva zinazoamuru miguu? Swali hilo halijapata jibu kamili hadi leo. Hilo ni swali la sayansi ya neva, nalo ni letu. Ila mtoto aliyekwisha kupooza hangoji jibu. Anahitaji mtu wa kumfundisha kusimama, kumchagulia magongo, na kuzuia viungo vyake visikakamae. Hiyo ni kazi ya fiziotherapia.

Kutoka maabara hadi wodini

Fani hizi mbili zinalishana, na mfano ulio bora ni tiba ya mkono uliopooza.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alichunguza nyani waliokatwa neva za hisia za mkono mmoja. Ingawa neva za kuamuru misuli zilikuwa nzima, nyani hao waliacha kuutumia mkono huo. Mkono mwingine ulipofungwa, walianza kuutumia tena ule waliouacha. Taub alihitimisha kwamba sehemu ya ulemavu ule ilikuwa ya kujifunza: mnyama alijaribu, akashindwa, akakata tamaa, na mazoea ya kutoutumia mkono yakabaki hata pale uwezo ulipokuwa umerudi. Anayefikiria kusomea fani hii ajue pia kwamba utunzaji wa wanyama katika maabara hiyo ulizua kesi mahakamani mwaka 1981 na mjadala mkubwa wa maadili ya utafiti. Kazi juu ya wanyama hai ni sehemu ya matawi mengi ya sayansi ya neva, na si kila moyo unaiweza.

Wazo hilo lilipofika kwa binadamu, lilihitaji mikono ya wataalamu wa tiba. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao EXCITE, ulioongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia, Steven Wolf. Wagonjwa 222 waliopata kiharusi kati ya miezi 3 na 9 kabla ya kuanza walishiriki. Kundi moja lilivishwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa muda mwingi wa kuwa macho, kwa wiki mbili, huku likifanya mazoezi ya mkono dhaifu kwa saa nyingi kila siku ya kazi. Kundi jingine liliendelea na huduma za kawaida. Kundi la glavu lilipata nafuu kubwa zaidi, na nafuu hiyo ilikuwapo hata baada ya mwaka mmoja.

Mgonjwa anayesoma habari hii asikimbilie kuufunga mkono wake mzima nyumbani. Walioshiriki walichaguliwa: ilibidi waweze kukunjua kiganja na vidole angalau kidogo. Asiye na uwezo huo hatanufaika, na anayeyumba aweza kuanguka kwa kukosa mkono wa kujishikia. Mtaalamu ndiye wa kuamua.

Kutoka wodini hadi kwenye utafiti

Safari huenda pia upande wa pili. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba mgonjwa wa kiharusi akiinuliwa kitandani mapema zaidi, na mara nyingi zaidi, atapona vizuri zaidi. Imani hiyo ilikuwa na mantiki: kulala muda mrefu huleta vidonda, damu kuganda miguuni na nimonia. Julie Bernhardt wa Australia, aliyeanza kama mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuwa mtafiti katika taasisi ya sayansi ya neva huko Melbourne, aliamua kuipima imani hiyo badala ya kuirithi.

Utafiti wake, uitwao AVERT, ulihusisha wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi 5, na matokeo yake yalitoka mwaka 2015. Kundi moja liliinuliwa ndani ya saa 24 na kufanyishwa mazoezi mengi zaidi. Jingine lilipata huduma ya kawaida. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa na hali njema walikuwa asilimia 46 katika kundi la mazoezi mengi na asilimia 50 katika kundi la kawaida. Jitihada iliyozidi katika saa zile za mwanzo haikusaidia. Ilipunguza nafasi ya kupona vizuri.

Wahudumu wa afya tusiyasome vibaya matokeo hayo. Hayasemi mgonjwa aachwe amelala. Hata kundi la huduma ya kawaida liliinuliwa mapema: nusu yao walikuwa wameinuliwa ndani ya saa 22 na ushei tangu kiharusi kuanza. Funzo ni kwamba zoezi ni kama dawa, lina dozi na lina wakati wake. Na kwamba jambo lililo dhahiri wodini laweza kuwa kosa mpaka lipimwe.

Watafiti hao wawili, Wolf na Bernhardt, wote walianzia kwa mgonjwa. Walijua swali lililofaa kuulizwa kwa sababu walikuwa wamemwinua mgonjwa kwa mikono yao. Hoja hii itatufaa tunapofikia suala la mpangilio wa masomo.

Njia ya masomo na kazi

Shahada ya kwanza ya fiziotherapia katika nchi zetu kwa kawaida huchukua miaka minne. Mwanafunzi husoma anatomia, fiziolojia, elimu ya mwendo wa mwili na magonjwa, kisha huingia wodini: mifupa na misuli, neva, kifua na moyo, watoto, akina mama baada ya kujifungua. Hapa Tanzania, Moshi imekuwa kitovu cha mafunzo hayo kwa miongo mingi. Mhitimu husajiliwa na mamlaka ya taaluma yake, na usajili huo ndio unaompa ruhusa ya kumgusa mgonjwa na wajibu wa kujibu akikosea. Nchini Kenya taaluma hii ina sheria yake mahususi, iliyopitishwa mwaka 2014. Kazi hupatikana katika hospitali za umma na za mashirika ya dini, vituo vya utengemao, shule za watoto wenye ulemavu, timu za michezo na kliniki binafsi.

Shahada ya sayansi ya neva huwa na baiolojia ya seli na molekuli, umeme wa neva, dawa, saikolojia, takwimu na uandishi wa programu za kompyuta. Shahada ya kwanza yenye jina hilo ni adimu katika ukanda wetu, na wengi huifuata nje. Shahada hiyo pekee haimpi mtu ruhusa ya kutibu, wala haimfanyi kuwa daktari wa ubongo, ambaye lazima kwanza awe amehitimu udaktari wa binadamu. Aidha, ajira ya utafiti wenyewe kwa kawaida hudai shahada ya uzamili na ya uzamivu, yaani miaka minane, kumi au zaidi kwa jumla. Taasisi zetu nyingi za utafiti wa afya zimejengwa juu ya magonjwa ya kuambukiza, hivyo mhitimu wa neva atakuwa miongoni mwa wachache, na pengine atalazimika kuijenga maabara kabla ya kuitumia.

Hili halipunguzi thamani ya fani hiyo. Bara letu linawahitaji watu wa namna hiyo, na Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa mfano, kina taasisi nzima ya sayansi ya neva. Lakini kijana na familia yake wana haki ya kujua urefu wa barabara kabla ya kuuza shamba.

Mlango upi umefunguka pande zote?

Katika mashauri ninayotoa, jambo moja huwa halijafikiriwa: fani hizi mbili hazina usawa katika kuvuka. Mwenye shahada ya fiziotherapia anaweza, kwa ufaulu mzuri, kuomba shahada ya uzamili katika sayansi ya neva au utengemao wa neva, kisha uzamivu. Mwenye shahada ya sayansi ya neva akitaka kuwa mtaalamu wa fiziotherapia, katika nchi zetu ataanza upya tangu mwaka wa kwanza au karibu na hapo, kwa sababu mazoezi ya wodini hayawezi kurukwa.

Kwa hiyo, kijana asiye na hakika, anayevutwa na mgonjwa pamoja na ubongo wake, namshauri aanze na taaluma ya tiba. Ushauri huu haumaanishi kwamba fiziotherapia ni ngazi ya kupandia tu. Atakayebaki humo maisha yake yote hatakuwa amepungukiwa. Utafiti uliofanywa wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba viwango vya kiharusi, vikishalinganishwa kwa umri, vilikuwa takriban watu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai na 316 huko Dar es Salaam. Wengi wa wanaonusurika huhitaji mtu wa kuwafundisha upya kutembea, kula na kuvaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambazo zingenufaika na utengemao.

Na ni nani aanze moja kwa moja na sayansi ya neva? Ni yule ambaye hesabu na kompyuta humpa raha. Anayeweza kurudia jaribio lile lile mara hamsini bila kuchoka. Asiyehitaji shukrani ya mgonjwa ili aone kazi yake ina maana. Na mwenye ufadhili unaofika mbali zaidi ya shahada ya kwanza. Huyo akilazimishwa kuingia wodini ataifanya kazi bila moyo, na mgonjwa atalijua hilo siku ya kwanza.

Maswali matano kabla ya kujaza fomu

1. Nikirudi nyumbani jioni, nitaridhika na lipi: mtu mmoja aliyepiga hatua tatu, au takwimu moja iliyonyooka?
2. Nimewahi kukaa siku nzima katika idara ya fiziotherapia, au ninaijua kwa kusikia tu?
3. Nimewahi kusoma ripoti moja ya utafiti wa ubongo hadi mwisho, pamoja na majedwali yake?
4. Fedha zilizopo zinatosha kufika kwenye kazi, au zinatosha kufika katikati ya njia?
5. Chuo na programu ninayoiomba vinatambuliwa? Kwa Tanzania, mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu hutolewa kila mwaka, na anayekwenda nje aiulize Tume hiyo kabla ya kulipa ada.

Neno kwa wagonjwa, wazazi na wahudumu wa afya

Kwa mgonjwa: picha ya ubongo huonyesha mahali palipoumia, lakini picha haitibu. Ukiandikiwa mazoezi, hujanyimwa dawa. Hiyo ndiyo dawa, na matokeo yake hutegemea kuyafanya nyumbani kama ulivyoelekezwa. Muulize mtaalamu wako sababu ya kila zoezi. Aliyesoma vizuri atafurahi kukueleza.

Kwa mzazi: mtoto anayetaka kusoma kwa ajili ya kumponya mtu wa nyumbani ana moyo mwema, lakini asibebeshwe ahadi hiyo. Kiharusi kina wakati wake. Nafuu kubwa aghalabu hupatikana katika miezi ya mwanzo, na shahada ni ya miaka. Mgonjwa wa leo apelekwe leo kwa mtaalamu aliyekwisha kuhitimu.

Kwa muuguzi, tabibu au mwenye stashahada ya fiziotherapia: maswali unayokutana nayo wodini ni mtaji. Yaandike. Ukifika siku ya kuomba uzamili, swali moja lililotoka kwa mgonjwa wa kweli litakusaidia kuliko kurasa nyingi za kueleza jinsi unavyoupenda utafiti.

Hitimisho

Sikumwambia yule kijana achague ipi. Nilimwomba akae wiki moja katika idara ya fiziotherapia alikotibiwa baba yake, na nilimpa ripoti ya AVERT aisome. Alirudi baada ya wiki mbili na daftari. Alikuwa ameamua kusomea fiziotherapia, na kihamba hakikuuzwa. Lakini ndani ya daftari alikuwa ameandika swali: "Kwa nini mguu wa baba umerudi na mkono unachelewa?"

Nilimweleza ninachokijua: kwamba mshipa wa damu unaoziba mara nyingi hulisha zaidi eneo la ubongo linaloamuru mkono na uso, na kwamba kazi za vidole hudai njia za neva zilizo nyembamba na mahususi kuliko kazi ya kusimama. Kisha nikamweleza kwamba jibu hilo halitoshi, kwani wagonjwa wawili wenye picha zinazofanana hupona kwa namna tofauti. Nilimwambia alitunze swali hilo hadi atakapohitimu, ndipo aamue kama atalifuata maabara.

Mzee alikuwa ameketi pembeni akitusikiliza. Shati lake lilikuwa na vifungo sita. Viwili vya chini alikuwa amevifunga mwenyewe asubuhi ile, kwa mkono wa kulia, na kazi hiyo ilimchukua dakika nyingi. Vinne alivifunga mwanawe.